Nyumbani Mko Wangapi?

Jolene, niko kwenye gari nje ya duka la bunduki.

Si unakumbuka Garrett alivyonikazania nijifunze kulenga shabaha kila Jumapili? Miezi miwili! Na mimi nikajisifu kwako eti mume wangu ananijali.

Leo kanileta nichague bastola ya kujilinda. Nikaipenda ile ya chuma ya kizamani, kama ya marehemu baba. Mzee Hoyt, mwenye duka, akaniuliza, "Nyumbani mko wangapi?"

Garrett akadakia, "Atakuwa peke yake."

Peke yake, Jolene! Mimi nishafungua mdomo niseme wawili!

Nikamuuliza, "Kwani wewe unaenda wapi?" Akainama, akajifanya anasoma bei.

Mzee Hoyt akairudisha bastola kabatini, akafunga kwa ufunguo. "Binti yangu, kwa hasira hizo, leo sikuuzii."