Fataki Zilizobanwa kwa Koleo

Tata, baba yangu,

Nimekaa kwenye kiti chako cha mvule, hapa nyumbani Nyansiongo, nikuandikie kabla sijarudi Nyamira kwa mume wangu. Ningetaka kuanza na habari njema. Lakini roho yangu imejaa kinyaa, na nikiendelea kukimeza kitaniua.

Ndugu yako Ombati amempiga Mama risasi. Hapana, niseme sawasawa kama ulivyopenda: hakumpiga risasi. Alimlipulia fataki ya gobore usoni. Jicho la kulia la Mama limekwenda, Tata. Na huyo bwana akasema ni wewe uliyefanya hivyo.

Nianze ulipotuacha. Udongo wa kaburi lako ulikuwa haujakauka juu, baba mdogo Ombati akaingia chumbani kwenu bila kubisha hodi na kutoka na gobore begani. Mama alimwambia, "Shemeji, hiyo ina kibali cha marehemu, tungoje wazee." Akajibu, "Mwanamke na bunduki wapi na wapi?" Akaenda zake. Alituambia atatulindia mahindi dhidi ya nguruwe mwitu. Nilimwamini kidogo, maana wewe mwenyewe uliinunua kwa Mzungu uliyemfanyia kazi alipofunga virago, kwa sababu ya nguruwe hao hao.

Kumbe alikuwa anawaua na kuuza nyama yao mjini. Yeye, mzee wa kanisa letu la Wasabato, lisiloruhusu nguruwe wala chai! Mtu anayeitetea Sabato mimbarini kwa sauti kubwa, anayewakemea wanawake kwa kuchemsha chai ya majani, alikuwa anabeba mapaja ya nguruwe kwenye gunia chini ya ndizi. Wewe uliwazika nguruwe uliowaua, na mkono ukanawa mara mbili. Nilipogundua nilienda nyuma ya nyumba nikatema mate.

Unakumbuka siku ile tulipokwenda wote Kisii kutafuta chuchu mpya ya gobore? Nilikuwa nimemaliza shule ya msingi. Hukubeba bunduki dukani. Ulifungua kile kijichuma kinachovikwa fataki ukakifunga kwenye leso, ukakiweka mfukoni mwa koti. Tundu lake lilikuwa limeliwa na moto. Mhindi mwenye duka akakupa kipya, ukakiinua kwenye mwanga wa mlango, ukafunga jicho moja, ukaniambia, "Kwamboka, tazama. Tundu liwe dogo la kupita sindano. Likiwa kubwa, moto utarudi ulikotoka." Kisha zikaja fataki, vile vikofia vidogo vya shaba. Za kopo la kwanza zilicheza kama kofia ya baba kwenye kichwa cha mtoto. Mhindi akasema, "Bana kidogo na koleo, mzee, itashika." Ulicheka. Ukamwambia, "Kofia ya kubanwa si kofia, ndugu yangu." Za kopo la pili zikakwama katikati. Ulinieleza kwamba hizo nyundo ya kwanza itazisukuma tu, ya pili ndiyo itazilipua, na nguruwe hangoji nyundo ya pili. Za kopo la tatu zikaingia kwa kidole gumba mpaka chini. Ukaigeuza ile chuchu juu chini, ukaitikisa. Fataki haikuanguka. "Hii," ukasema, na Mhindi akafunga kopo kwa heshima kana kwamba umenunua dhahabu.

Sasa sikiliza alichofanya ndugu yako. Gobore hakuliosha hata mara moja. Baruti ikaganda ndani, chuchu ikaziba, bunduki ikawa inagoma. Badala ya kuzibua kwa sindano na maji moto, akaifungua chuchu akaipeleka peke yake kwa fundi baiskeli wa Keroka, aitoboe kwa keekee. Fataki zako zilipokwisha, akapata mahali fulani fataki kubwa za bunduki nyingine kabisa, akawa anazibana kwa koleo zisianguke.

Asubuhi ile Mama alipoumia, alikuja akamwita amwonyeshe mahali nguruwe walipopitia kwenye mahindi. Mama akamwongoza hadi ukingoni, akasimama kando ya bega lake akinyoosha mkono: pale. Nguruwe akatokea. Ombati akafyatua. Moto ukarudi nyuma, ukaitupa nyundo juu, na vipande vya ile fataki vikaruka pembeni, jichoni mwa Mama. Nguruwe alikimbia mzima kabisa.

Mimi nilimkuta Mama hospitalini Kisii, uso umefungwa, akiniuliza kama ng'ombe wamekamuliwa.

Na hapo ndipo kilipoanza kinyaa chenyewe. Ombati hakusema samahani. Alizunguka kwa wazee akieleza kwamba wewe umekasirika. Kwamba Mama amekataa kukaa chini ya ulinzi wake, na marehemu ameudhika, na ndiye aliyeigeuza bunduki impige mkewe. Mzee wa kanisa, Tata, akizungumzia ebirecha! Mizimu ambayo alikuwa anaikemea kila Sabato ilimfaa ghafla. Akataka mbuzi achinjwe juu ya kaburi lako, na mbuzi atoke kwa Mama. Na kuna watu walitikisa vichwa kukubali. Watu uliowasaidia kufyeka mashamba yao! Majirani wakaanza kukwepa njia inayopita kaburini kwako.

Wazee walikaa uani petu, naibu wa chifu akiwepo. Sikuitwa. Nilikuja na kiti changu. Ombati alipomaliza kukusingizia nikaomba gobore liletwe. Mzee mmoja akanguruma, "Binti aliyeolewa anatafuta nini hapa?" Nikamjibu, "Natafuta jicho la mama yangu." Gobore likaletwa.

Nikaivika chuchu fataki kubwa moja kati ya zile zake zilizobaki, bila kuibana, nikainamisha mtutu. Ikaanguka mchangani. Nikaifungua chuchu, nikachukua njiti ya kiberiti, nikaipitisha kwenye tundu lake, ikatokea upande wa pili. Nikampa kila mzee ajaribu mwenyewe. Wakapitishiana, njiti ikiingia na kutoka. Naibu wa chifu akatuma mtu kumwita fundi wa Keroka. Fundi akaja na mafuta mikononi, akaitazama akasema, "Ndiyo, nilitoboa mimi. Huyu mzee aliniambia ni ya pampu."

Ungemwona Ombati. Jasho lilimtoka kwenye masharubu, akaanza kuulaumu uzee wa bunduki, kisha Mhindi, kisha nguruwe. Wazee wakaamua agharamie matibabu ya Mama, na jina lako lisitajwe tena katika jambo hili. Gobore wakataka kulirudisha kwa Mama. Akakataa hata kuligusa. Naibu wa chifu akalipeleka polisi. Mahindi sasa tumeyazungushia mtaro, na mbwa wawili wanayalinda.

Kanisani Ombati amewekwa benchi la nyuma. Juma lililopita alikuja hapa wakati wa chakula, akanyoosha mkono: "Shemeji, tusameheane, sisi ni Wakristo." Macho yake yalikuwa kwenye sufuria. Mama akampakulia! Nilitoka nje. Alipoondoka nilimgombeza Mama, ndiyo, nilimgombeza mgonjwa. Akaniambia, "Kwamboka, nimebaki na jicho moja. Sitaki kulichosha kwa kumwangalia yeye."

Mimi sijafika alipofika Mama. Nikiusikia mkono wa Ombati kwenye wangu bado natafuta sabuni.

Nimepalilia kaburi lako jana. Majirani wameanza kupita tena. Mama Nyaboke alisimama, akakuamkia kwa jina.

Kwaheri, Tata. Siwezi kukuahidi kwamba nitamsamehe ndugu yako. Ningekuwa nakudanganya, na wewe hukunilea hivyo. Nakuahidi hili: mtu yeyote akisema mbele yangu kwamba ulimnyanyulia mkono mke wako, ukiwa hai au ukiwa umelala, nitasimama nimkatize, hata ikiwa kanisani, hata ikiwa katikati ya sala.

Pumzika. Mama amekula, amelala upande ule usiouma.

Mwanao,
Kwamboka