Kisa cha Sita

Jumatatu, 18 Novemba 2024

Daftari langu, hujambo? Siku nyingi. Umeshindaje humo kwenye mtoto wa meza? Mimi namshukuru Mungu, ila tumbo bado — lile lile la mwaka jana.

Kesho inaanza semina ya madaktari hapa hospitalini. Magonjwa ya tumbo, ini na kongosho. Anakuja mtaalamu, Dokta Raheli. Mimi mhudumu wa maabara nimepewa kazi ya kugawa chai, na kupanga slaidi kumi za kufundishia. Vinyama vya wagonjwa hivyo, vimekatwa vyembamba na kubandikwa kwenye vioo. Majina hakuna, namba tu. Namba zote mwandiko wangu, wa penseli.

Ya sita nimeishika muda mrefu. 2377. Huyo ni mimi.

Nilipimwa tumbo kwa kamera Agosti ya mwaka jana, kikakatwa kinyama. Kinyama changu nikakiandikia namba mwenyewe, nikacheka na Josephina wa usafi kwamba najihudumia. Jibu likaja: vidonda vya kawaida. Nikameza dawa, alhamdulillahi, nikajua yameisha.

Sasa kwa nini wameichagua?

Jumanne, 19 Novemba

Ukungu umeingia mpaka ukumbini. Taa zimezimwa, projekta inawaka. Dokta Raheli anaonyesha kisa kimoja kimoja na jibu hatoi. Madaktari wanyooshe mikono kwanza — saratani, au si saratani? Majibu kesho saa nne.

Kisa cha sita. Ukuta mzima ukawa mimi. Waridi na zambarau, vishimo vishimo, kama kitenge. Tumbo lilikuwa linauma tangu asubuhi. Hapo likanyamaza. Kama linasikiliza.

Si saratani, mikono tisa. Saratani, mitano. Brian, daktari kijana, akawatania wale watano kuwa wanaona majini. Watu wakacheka. Mmoja akauliza mgonjwa anaendeleaje. Bwana Nassoro wa maabara akapekua karatasi, akasema hakurudi kliniki.

Nirudi kufanya nini, na niliambiwa ni kawaida? Na kila siku nipo, napangusa meza yake.

Dokta Raheli akatikisa kichwa. "Basi huyu pengine ameshazikwa."

Nilikuwa nammiminia chai. Akaniambia asante mama, inatosha. Inatosha, mama. Sahani ya kikombe ilikuwa imejaa chai.

Jumatano, 20 Novemba

Nimeswali alfajiri. Kwenye dua nikajikuta najitaja pamoja na marehemu, baada ya baba. Nikakatisha. Nikaanza upya, ulimi ukapita njia ile ile.

Josephina ananiambia nisijitie presha, ningoje nisikie pamoja na madaktari. Siwezi. Siwezi kusikia nimebeba chupa ya chai, Brian anacheka.

Saa tatu na nusu. Karatasi nimeiweka juu ya kompyuta ya Dokta Raheli. Nimeandika hivi:

Dokta, shikamoo. Natumaini umeamka salama. Mgonjwa wa kisa cha sita hajazikwa. Ni mimi Saumu, ninayewapa chai. Naomba jibu langu usilitoe ukumbini kabla sijalijua. Nipo stoo ya maabara, mlango nimeuegesha tu. Tafadhali nijibu mapema.