Mkono wa Kushoto

Mjukuu wangu Nekesa,

Sisi hapa Nakuru tuko wazima. Nyanya yako amemaliza kuvuna mahindi, na mvua imeharibu barabara yetu tena. Uliniuliza kwa simu kama unaweza kuacha skauti, kwa sababu wenzako walikucheka ulipokataa kumsalimia mwalimu kwa mkono wa kushoto. Huachi. Ngoja nikuambie kwa nini.

Mimi nilijiunga nikiwa mdogo kuliko wewe, tukiishi mtaa wa Bondeni, hapa hapa Nakuru. Baba yangu, fundi wa reli, alikuwa ametufunza kwamba kumpa mtu mzima mkono wa kushoto ni kumdharau. Sasa mwalimu wa skauti akaninyooshea huo huo! Nikaficha wangu mgongoni. Watoto wakacheka mpaka wakakaa chini. Mwalimu akasema skauti wote husalimiana hivyo, na asiyetaka arudi nyumbani. Nikarudi nikilia.

Baba alinisikiliza mpaka mwisho. Jumamosi iliyofuata akavaa koti lake la kanisa, akanipeleka mwenyewe. Mbele ya watoto wote akanyoosha mkono wa kushoto, akasema, "Mwalimu, nianze mimi, kijana aone."

Watoto walimcheka pia. Hakuurudisha mkono.

Kwa hivyo Jumamosi urudi huko, mama. Na ukija Krismasi utanikuta hapa getini nimekunyooshea wa kushoto. Majirani wakicheka, wacha wacheke.

Ni mimi, babu yako.