Jina la Jikoni

Okayama, 12 Juni 1979

Dada Fumie,
Shikamoo. Mnaendeleaje huko Tsuyama na mvua hizi? Magoti je? Mimi mzima.
Nina habari ya kukufariji. Ile damu ya Chizuru niliyoiomba wiki aliyofariki, chembe zake za saratani nimezikuza maabara. Chupa thelathini na nane zilikufa. Moja ikaamka baada ya miezi minne, na sasa ni mwaka mzima chembe zinajigawa. Tumezipima kila namna, ni zile zile za ugonjwa wake. Kila siku ya tatu nazilisha seramu, maji ya damu ya ndama. Nimeziita CHIZU-1. Makala itachapwa Agosti, na wengi watatafutia dawa humo. Mwanao bado yu hai.
Mdogo wako,
Kiyoharu

Tsuyama, 15 Juni

Kiyoharu,
Sijambo, na magoti yangu hayakuhusu.
Yu hai? Mimi na wewe tuliokota mifupa yake majivuni kwa vijiti. Kasisi wa hekalu akampa jina la marehemu, ili lile la duniani lipumzike. Wewe umeliokota ukambandika nani? Hizo chembe si mwanangu. Ndizo zilizomla. Mwezi wa mwisho hakuweza kumeza hata uji wangu wa mchele, na wewe unamlisha muuaji wake, unamwita Chizu, jina nililomwitia jikoni.
Zikuze, watoto wa wenzangu wapone. Jina livue. Usipolivua, Bon hii, roho za wafu zinaporudi nyumbani, usikanyage kwangu. Nikiwasha moto wa kumpokea mlangoni, sitaki jina lake liwe kwenye chupa.
Dada yako

Okayama, 2 Julai

Dada,
Shikamoo. Hasira yako naielewa, lakini makala iko kwa mchapaji na profesa wangu amefoka nilipomgusia kubadili jina. Maabara nyingi hutumia jina la mgonjwa. Niliona ni heshima. Nivumilie.
Mdogo wako

Tsuyama, 5 Julai

Profesa amefoka? Pole yake. Mimi nilimzaa Chizuru.
Dada yako

Okayama, 8 Agosti

Dada,
Shikamoo. U mzima? Hukujibu barua zangu mbili. Naambatanisha ukurasa wa kwanza, umetoka jana. Profesa hajanisemesha wiki tatu. Tazama jina.
Mdogo wako

Tsuyama, 10 Agosti

Kiyoharu,
Nimeliona. KIYO-1. Afadhali, sasa ugonjwa una jina la mtu mzima anayeweza kuulizwa.
Hasira haijaniisha, usije ukadhani. Maua usilete. Moto nawasha tarehe kumi na tatu. Njoo mapema ushike kibiriti.
Dada yako