Gari Halina Kosa

Jumatatu, 13 Januari

Nimeswali alfajiri, nikaenda Kayole kumchukua Mama Mutheu, nikamfikisha sokoni Gikomba akachague nguo za watoto kabla wachuuzi wengine hawajafika. Kama kila Jumatatu na Alhamisi. Njiani tairi ya mbele kushoto imekwaruza ukingo wa barabara tena. Mama Mutheu ameshika mlango. Nimemwambia tairi zimechoka, gari linavuta upande.

Kweli zimechoka. Nimezikagua nilipofika nyumbani Umoja. Meno yameisha, mbili zimekuwa kipara kabisa.

Nitanunua nyingine. Si za kubahatisha. Nataka zile za magari ya kasi, zinazong'ang'ania lami hata jua likiwa kali. Nimekula kwa usukani tangu nilipokuwa kijana wa Majengo. Mombasa nimekwenda na kurudi nisijue idadi. Sijapata kumgusa mtu. Si leo ndiyo nianze kupanda ukingo kama mwanafunzi wa shule ya udereva.

Jumatano, 15 Januari

Nimepeleka gari kwa fundi wa alaimenti, wa kunyoosha magurudumu. Amelipima, amesema limenyooka. Nikamwambia alipime tena. Akalipima tena. Limenyooka.

Nimemchukia yule fundi bila sababu.

Basi ni tairi. Hakuna kingine.

Jumamosi, 18 Januari

Asubuhi nzima mjini, duka moja hadi jingine. Vumbi, jua, harufu ya mpira mpya.

Muuzaji wa kwanza alinionyesha za mitumba kutoka Japani. Meno mengi, bei nzuri. Nilikuwa karibu kukubali. Duka la pili kijana anaitwa Kamau, kofia nyekundu, akacheka nilipomtajia. "Mzee, hizo ni za barafu. Mpira yake ni laini kama chapati. Hapa jua ikiwaka zinaisha tu hivi, na kona zinakupeleka zikitaka."

Akanitolea mbili mpya. Moja rahisi, mpira mgumu, itadumu lakini kwenye maji inateleza. Nyingine ina mifereji mipana iliyonyooka, mabega mazito, imetengenezwa kwa joto na mwendo. Hiyo ndiyo. Bei yake imenikausha mate. Lakini akasema zile zenye majina makubwa ni karibu mara mbili, na kazi ni ile ile.

Akaniambia nisome mwaka wa kutengenezwa, pale ubavuni. Niliinama. Niliona kijivu juu ya cheusi. Nimemwambia miwani nimesahau nyumbani. Akanisomea yeye.

Sina miwani. Sijapata kuwa nayo.

Jumapili, 19 Januari

Zuhura ameniuliza wakati wa chakula kwa nini jana sikumsimamishia gari. Alikuwa ametoka kazini, pale duka la dawa Kayole, akanipungia mkono. Nimpite binti yangu? Anasema alikuwa kando ya gari, karibu aguse kioo.

Nimesema jua lilikuwa machoni.

Mama yake amenitazama kwa muda mrefu. Nimeomba mchuzi.

Jumanne, 21 Januari

Joto. Hata paka wamelala juu ya simenti.

Nimesoma kuhusu tairi kwenye simu, maandishi nimeyakuza hadi maneno matatu yanajaza kioo. Watu wanabishana. Mmoja anasema mpira laini unashika lakini unakwisha upesi. Mwingine anasema heri ununue mbili nzuri kuliko nne za ovyo, uziweke mbele. Mwingine anamtukana, anasema lazima ziende nyuma. Nimesoma hadi kichwa kikauma. Siku hizi kinauma kila jioni.

Mama Zuhura ametoa pesa alizokuwa akiweka anunue jiko jipya. Hili letu limebaki na moto mmoja tu. Hakunisimanga. Aliweka mezani, akasema, "Nunua zote nne, Baba Zuhura. Nataka urudi nyumbani." Nimeona aibu. Nimezichukua.

Jumatano, 22 Januari

Zimefungwa. Zote nne. Kamau mwenyewe amesimamia balansi na upepo. Kwenye rimu zangu za spoti zimekaa kama zilizaliwa pale.

Nimekwenda nazo Outer Ring, mchana, barabara iko wazi. Usukani mwepesi. Kona ya kuingilia Donholm gari limeshika kama limegundishwa. Nimekanyaga breki kwa nguvu makusudi. Limesimama pale pale, bila mlio, bila kuyumba.

Nimecheka peke yangu ndani ya gari. Sikumbuki mara ya mwisho.

Alhamisi, 23 Januari

Ukingo tena. Spine Road, kabla hata Mama Mutheu hajaingia.

Tairi mpya ina alama nyeupe ubavuni, ndefu kama kidole. Nimeisugua kwa mate. Haitoki.

Jumamosi, 25 Januari

Nimefunga jicho la kulia nikatazama chumba kwa la kushoto. Ni kama kuchungulia kwenye bomba. Nikaliona kabati. Sikuona kitanda, na nimekalia kitanda hicho hicho.

Nimefungua jicho haraka. Nimejiambia ni uchovu.

Mchana Zuhura aliniomba ufunguo, anipumzishe, ana leseni yake tangu mwaka juzi. Nimemfokea mbele ya mama yake. Nimemwambia hilo gari si la kujifunzia. Maneno mengine sitayaandika. Aliondoka akaenda kufua nguo ambazo zilikuwa safi.

Ningeweza kumpigia Mama Mutheu simu nikasema Jumatatu atafute gari lingine. Simu ilikuwa mkononi. Nimeiweka chini. Nikiacha kuendesha mimi ni nani?

Jumatatu, 27 Januari

Nimemgonga mtu.

Jogoo Road, karibu na Makadara, kunapambazuka. Barabara ilikuwa nyeupe mbele yangu, tupu. Mama Mutheu akapiga kelele, "Mkokoteni!" Mkokoteni gani? Nikasikia kishindo kushoto, kisha nikakanyaga breki. Kisha. Si kabla.

Gari lilisimama papo hapo. Halikuteleza hata shibiri.

Viazi vilitapakaa lami yote. Mwenye mkokoteni alikuwa chini, mguu umekunjika mahali ambapo mguu haukunjiki. Hakulia. Alikuwa akiita jina la mtu. Wenzake walinivuta nje kwa shati, mmoja akanipiga kofi, sikuinua mkono. Mama Mutheu ndiye aliyewaambia waache, tumbebe kwanza. Tulimlaza kiti cha nyuma. Mwenzake mmoja akachukua usukani. Mimi nilikaa kando yake, kama mzigo.

Anaitwa Musyoka.

Naandika. Mistari sijui kama imenyooka.

Jumanne, 28 Januari

Kituo cha polisi. Gari lilikaguliwa uani. Mkaguzi alizunguka, akapiga tairi teke, akapima meno yake, akalala chini kutazama breki. Akaliendesha kidogo na kulisimamisha ghafla, mara kadhaa. Nilisimama juani nikiomba. Ndiyo, niliomba. Nilimwomba Mungu gari lipatikane na kasoro. Bomba la breki lililotoboka. Nati iliyolegea. Chochote.

Akarudi akijifuta mikono. "Gari halina kosa, mzee. Tairi hizi ni nzuri kabisa. Ningekuwa nazo mimi."

Akaniuliza basi ilikuwaje. Nilitazama tairi zangu. Nitafika mahakama ya Makadara tarehe kumi na tatu.

Usiku nilimwambia Mama Zuhura yote, ukingo, kabati, kitanda. Hakushangaa. Alijua. Anasema amekuwa akisogeza vikombe mbele yangu tangu mfungo wa Ramadhani uliopita ili nisivigonge.

Ijumaa, 31 Januari

Baada ya swala nimekwenda hospitali kumwona Musyoka. Zuhura alifuatana nami, tulikwenda kwa miguu kutoka kituo cha basi, amenishika kiwiko. Mguu una vyuma. Ni kijana, hajafika thelathini. Mkewe alikuwa akimenya chungwa. Aliponitambua alivuta kiti chake mbali nami.

Nimemsalimia Musyoka. Nimemwambia naomba msamaha. Alinitazama, akauliza pole pole, kama mtu anayetaka kujua tu. "Ulikuwa unaangalia wapi, mzee?"

"Mbele."

"Mimi sikuwa mbali. Nilikuona. Nikadhani umeniona."

"Niliangalia mbele, mwanangu. Sikukuona."

Mkewe akampa kipande cha chungwa. Daktari wao amesema atatembea, ila kuvuta mkokoteni hajui. Nimetoka wodini nikakaa kwenye ngazi. Zuhura alisimama kando yangu, watu wakipita. Nililia pale pale. Sikujali.

Jumanne, 4 Februari

Kliniki ya macho. Zuhura aliomba ruhusa kazini.

Walinikalisha mbele ya chombo kama bakuli kubwa jeupe, kidevu juu ya chuma, kitufe mkononi. Nikiona taa ndogo nibonyeze. Nilingoja. Nikabonyeza. Nikangoja sana. Nikadhani mashine imeharibika. Nikamwambia muuguzi. Akasema, "Endelea tu, baba." Sauti yake ilikuwa ya upole mno. Hapo nikajua.

Daktari ni mwanamke, umri wa Zuhura. Presha ya macho. Imekuwa ikila pembeni kidogo kidogo kwa miaka, bila maumivu, ndiyo maana mtu hajui. La kushoto limebaki kijitundu. La kulia bado lina nafasi. Kilichopotea hakirudi. Dawa ya matone kila siku, maisha yote, ili kilichobaki kisiende.

Nimeuliza kuhusu kuendesha. Alitikisa kichwa. Nimeuliza tena, mchana tu, barabara za hapa Umoja tu. Alisema, "Hapana, baba," akaandika.

Alhamisi, 6 Februari

Sikuinuka kitandani. Nimesikia muuza maziwa, adhana, watoto wa shule. Saa ya kumchukua Mama Mutheu imepita nikiwa naangalia dari. Kipande cha dari.

Nimeishi miaka hamsini na sita nikijua jambo moja tu. Sasa silijui.

Nimemwambia Mama Zuhura auze gari, na tairi zake, asiniambie ameuza kwa nani. Ameutia ufunguo kabatini tu.

Jumapili, 9 Februari

Mama Mutheu amekuja na mkate na majani ya chai. Nilidhani amekuja kunilaumu, nikakaa nimeinamisha kichwa. Amesema anajilaumu yeye, kwa sababu alikuwa anaona na alikuwa ananionea haya kusema. Kisha akauliza, akimtazama Zuhura, nani atampeleka Gikomba.

Zuhura amesema yeye. Atamfikisha, arudi Kayole afungue duka la dawa, kazi yake iko njiani. Nusu ya malipo iende kwa mke wa Musyoka hadi mguu upone. Wamelipanga wao wawili, nikiwa nimekaa hapo.

Nimekasirika. Nimetoka nje. Nimesimama kando ya gari nikaligusa bodi, moto kwa jua. Hasira ilikwisha yenyewe. Kilichobaki ni kibaya kuliko hasira.

Alhamisi, 13 Februari

Mahakamani. Nimekiri. Hakimu alisoma barua ya daktari, akavua miwani yake. Faini, dada zangu wa Majengo wamelipa. Leseni imebaki mahakamani. Karani aliitia kwenye bahasha pamoja na karatasi nyingine, akaita jina la mtu mwingine.

Jumatatu, 17 Februari

Mama Zuhura amenitia matone baada ya alfajiri. Ameinamisha kichwa changu kwenye paja lake, akanivuta kope kwa kidole gumba. Yanawasha kidogo. Nimefumba macho na kukaa hivyo kwa muda, kama nilivyoagizwa.

Nje Zuhura aliwasha gari. Aliacha injini ipate moto kwanza. Sikumfundisha hilo. Akaondoka bila pupa, nikamsikia akipunguza mwendo kwenye tuta, kisha akikata kushoto kuelekea Kayole.

Mama Zuhura aliuliza kama nimefumba kweli.

Nimefumba, nikamwambia.

Akaenda kutia chai.