Wameivisha Suruali Sauti ya Binti Yangu

Dukani kwangu, nyuma ya hospitali
3 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Wamemwibia mwanangu sauti, wakaigeuza ya mwanamume! Haya, sasa nivute pumzi nikusalimie kama watu: hujambo? Shemeji hajambo? Goti lako je? Sisi wazima wa mwili, ila mimi moyo unafuka moshi.

Unajua binti yangu husoma vitabu vya kusikiliza pale studio. Hakuna anayesoma kama yeye, na sisemi hivyo kwa sababu nimemzaa. Basi, nasema kwa sababu hiyo pia.

Wiki iliyopita nilikuwa nashona, redio ya kinyozi jirani ikatangaza kitabu kipya, likaanza kusoma dume lenye sauti nzito. Mguu ukaniganda kwenye cherehani. Lile dume lilikuwa likitua kidogo kabla ya kila jina la mtu! Nani husoma hivyo? Mtoto aliyekuwa na kigugumizi, akafundishwa na mama yake ameze mate kwanza ndipo ataje jina. Nilimfundisha mimi, miaka na miaka.

Fundi mitambo wa studio alininong'oneza. Zamani ukitaka sauti iwe nzito ulipunguza mwendo wa kanda, maneno yakavutika kama ya mlevi. Siku hizi kompyuta inaifanya sauti nzito, mwendo haubadiliki. Ndiyo maana vituo vya mwanangu vyote vimebaki palepale.

Nikamwendea bosi wa studio. Akacheka: "Mama, watu wanaiamini sauti ya kiume. Na sauti ikishaingia kwenye mashine haina mwenyewe." Lakini jina la msomaji kwenye kitabu wameweka la shemeji yake huyo bosi! Mtu ambaye hata salamu anaitoa kwa kukohoa.

Binti alinililia: "Mama, yaache, nitafukuzwa." Nikarudi kwenye cherehani, nikaumia. Jana amekuja mwenyewe, macho makavu: "Siku ya uzinduzi wa kitabu nitasimama nisome ukurasa wa kwanza. Huyo shemeji wa bosi asome wa pili, watu wasikie." Nilimkumbatia mpaka pini za kifuani kwangu zikamchoma. Kazi ataipoteza, najua. Jina lake libaki.

Msalimie shemeji, na shangazi yetu mwenye maneno mengi; mwambie safari hii namtaka na maneno yake yote. Mungu awafunike kwa huruma yake.

Dada yako asiyechoka kukupenda,
Mama Cherehani

Loo, siku sijakutajia! Njooni wote tujaze viti vya mbele pale studio: Jumamosi, tarehe 14, saa nne asubuhi.