Kaka Yako Yuko Chini ya Uangalizi

Bunju,
Dar es Salaam.
9 Machi 2025

Mpendwa shemeji Albano,

Tumsifu Yesu Kristo. U mzima? Miguu ya mkeo Sesilia inaendeleaje, na korosho zilikubali? Sie hatujambo. Ningekupigia, ila wewe simu huiweka sauti kubwa mbele ya watu, na haya ni ya nyumbani.

Kidonda cha kaka yako Gervas cha upasuaji wa tezi dume kimepona. Mkojo bado humponyoka akicheka, kwa hiyo akija mtani wake huongea naye akiwa amesimama karibu na choo.

Hospitali walimwomba aingie kwenye utafiti. Wanataka kujua kama baada ya kutolewa tezi yenye saratani ni bora mtu apigwe mionzi mapema, au apimwe damu mara kwa mara na mionzi isubiri hadi ugonjwa uonyeshe dalili ya kurudi. Anayechagua nani aende kundi gani ni kompyuta. Kaka yako akavaa suti aliyovaa kwenye harusi ya binti yetu Herieth, eti kompyuta ione ni mtu wa maana. Ikampeleka kundi la uangalizi.

Akarudi akautangazia mtaa mzima kwamba yuko chini ya uangalizi. Jioni mjumbe wetu, Mzee Shomari, akaja na uso wa msiba kuuliza Gervas alifungwa lini na katoka gereza gani. Shemeji, nilicheka hadi nikakaa chini.

Mwenyewe hakucheka. Akasusa, akaapa hapimwi tena: "Mie sio televisheni, nikae natazamwa tu!" Hapo kicheko kikaniisha. Niliogopa sana, maana asipopimwa, ugonjwa ukirudi tutajuaje?

Nikamkokota kwa daktari. Daktari akamwambia kwa upole kwamba anaruhusiwa kujitoa siku yoyote na atatibiwa vilevile. Unamjua kaka yako, ukimwonyesha mlango ndiyo anavuta kiti. Akanyoosha mkono palepale, damu ikachukuliwa. Majibu yametoka juzi: hakuna kilichoonekana. Alilia, na mie nikalia.

Kisha daktari akauliza kama ana ndugu wa kiume, kwa sababu ugonjwa huu huweza kutembea ndani ya ukoo. Nikakutaja kabla Gervas hajafungua mdomo. Kapime, shemeji. Wanaanza na damu ya mkononi, si hayo ya kidole mnayonong'onezana kijiweni. Nimekuchokoza tangu naolewa. Ukiondoka nitamchokoza nani?

Nisalimie Sesilia, mama yetu na mwanenu Polikarpo. Mungu akupe afya, na ujasiri kidogo.

Shemeji yako akupendaye, anayesubiri majibu yako: ya damu, si ya barua,

Marietha